Salamu za Mama na Mtihani wa Zofia

Ngazi za jengo letu pale Walthamstow, kwa Waingereza, zilinuka kabichi iliyochachuka upande wa akina Zofia na vitunguu vya kukaanga upande wetu, na katikati ya harufu hizo mbili ndipo tulipokaa jioni za ule msimu wa baridi, mimi wa Tanga na yeye wa Poland, tukijifunza Kiingereza. Tulikuwa na miaka kumi na mmoja. Maneno ya mwanzo, mkate na dirisha na samahani, tulishayaweza. Yaliyotutoa jasho ni yale ya katikati: kulalamika, kuahirisha, ukaidi, afueni. Zofia aliyasoma kwa sauti huku amefumba macho, kama anameza dawa. Mimi niliyashika upesi, ila nilikuwa na haya kiasi kwamba muuza matunda wa sokoni akinisalimia, nilimjibu kwa kichwa.

Zofia alikuwa na sababu ya kuhangaika. Mama yake alishasema: asipofaulu mtihani wa kuzungumza, akabaki darasa la wanaoanza lugha, atarudishwa kwa bibi yake Poland akasomee huko. Sikumwambia, lakini niliogopa kuliko yeye. Shule nzima nilikuwa na rafiki mmoja, ndiye huyo.

Tukichoka tuliingia kwetu kula, na hapo Zofia alikutana na mtihani mwingine. Mama yangu, katoka kazini kwake anakohudumia wazee, hajavua hata koti, hampi mtu sahani kabla ya salamu. Na salamu za Mama, kwa Kiingereza chake cha Tanga, haziishi upesi. Umeshindaje? Nyumbani je? Bibi na mguu wake? Baba na kazi? Mwanzoni Zofia alijibu "nzuri," akanyoosha mkono achukue sahani. "Nzuri tu, mwanangu? Mguu mzima wa bibi, nzuri tu?" Ikabidi aeleze. Kwao, aliniambia, mtu anaulizwa hali yake, basi. Hakuna anayefika mpaka kwenye mguu.

Siku ya mtihani tuliingia wawili wawili. Mwalimu akaweka mezani picha ya stesheni ya treni, akatuambia tuzungumze. Zofia akaitazama. Akafumba macho, akafumbua, akafumba tena. Shingo ikawa nyekundu. Nikaliona kabisa sanduku lake limeshafungwa. Nikafungua mdomo bila kupanga, na kilichotoka kilikuwa Mama mtupu: "Zofia, umeamkaje? Bibi anaendeleaje na mguu?" Akanigeukia, akashusha pumzi, akaanza. Bibi kapata afueni, ila mkaidi, dawa hanywi, daktari analalamika, safari ya kuja kuwatembelea imeahirishwa tena. Nikamuuliza ya baba, ya mdogo wake, ya paka. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Treni sijaisikia," akasema, "ila bibi sasa namfahamu." Tukafaulu wote wawili.

Leo tuna miaka kumi na sita. Juzi kwenye basi tuligombana, kisa koti langu alilolivaa bila kuomba, tangu shuleni mpaka kituo cha mwisho, kwa Kiingereza cha kasi, bila yeyote kusita kutafuta neno, abiria wakigeuka kututazama. Zamani tusingeweza, hasira zetu zote ziliishia kwenye kubinua midomo. Nilishuka nimenuna kweli kweli, ila moyoni nafurahi kwamba nina wa kugombana naye.