Manyoya Chini ya Mstari Mweusi

Hebu mwone Mama Fuatino akishuka kwenye basi hapa soko la Salelologa, mwavuli kwapani, simu kaishika mbali na mwili kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Hasalimii mtu. Fuatino asiposalimia, sisi tunaomjua huanza kuulizana nani kamkosea.

Safari hii ni Vaitoa, mpiga video wetu mwenye kibanda hapa sokoni. Harusi zote za upande huu wa kisiwa chetu cha Savai'i hupitia mikononi mwake. Juzijuzi alijifundisha mwenyewe kuweka mstari mpana mweusi juu ya picha na mwingine chini, picha ikabaki nyembamba na ndefu kama sinema. Akanogewa. Akaiweka kwenye harusi, akaiweka kwenye ubatizo, akaiweka hata kwenye video ya mbwa wake akiogeshwa.

"Vaitoa! Umeunyoa mkeka wangu!"

"Mkeka upi tena, mama? Kaa kwanza unywe kakao."

"Sikai!" Akakaa.

Mkeka wenyewe aliusuka miezi kumi na minne, laini kama hariri, kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake. Siku ile wanawake wanne waliushika kwa juu wakaupitisha uwanjani umetandazwa, pindo lote la chini likiwaka manyoya mekundu ya ndege, ambayo kwetu ndiyo fahari ya mkeka wa harusi. Sasa dada yake aliyeko Auckland kaiona video, kapiga simu na kumuuliza kwa upole, ule upole unaouma: macho yamechoka siku hizi, unasuka mikeka isiyo na manyoya? Na keshawaonyesha wanawake wote wa kanisani kwake.

Vaitoa akaifungua video kwenye kompyuta. Kweli, mstari wa chini ulikuwa umelala juu ya pindo.

"Sijakata kitu, mama. Nimefunika tu. Tazama." Akaiondoa mistari. Manyoya yakatokea, mekundu vilevile. Fuatino akashusha pumzi.

"Basi naituma Auckland hivi," Vaitoa akasema.

"Na mistari?"

"Si nimeitoa?"

"Irudishe! Dada kasema harusi imekuwa kama sinema. Ndicho kitu pekee alichosifu."

Vaitoa akaipunguza picha ili ienee yote katikati. Weusi ukaingia na pembeni.

"Sasa umetufunga jela," Fuatino akasema.

Vaitoa akairudishia picha ukubwa wake, kisha akaisukuma juu, kidogo, kidogo tena, mpaka manyoya yakakaa vizuri juu ya mstari.

"Hapo hapo! Usiguse!"

Lakini Vaitoa hakuwa akitazama manyoya. "Mama, vichwa."

Wanawake wote wanne walikuwa wameishia shingoni.

"Wana vichwa tangu wazaliwe, nani asiyevijua?"

"Huyu wa pili ni mama mkwe wangu."

Fuatino akainama kuangalia vizuri. "Ndiye kweli. Na siku ile alivyojipamba, maskini, na lile ua sikioni." Akanywa kakao. "Dada atapiga saa kumi, nimemwahidi video nyingine yenye manyoya. Wanawake wa kanisani watakuwa wamekaa wanasubiri."

Saa ilikuwa tisa na nusu. Jumapili mama mkwe anakuja kula kwa Vaitoa, na video ikishafika Auckland haibaki siri. Binamu watakuwa wamemtumia kabla hajavaa viatu vya kanisani.

Vaitoa kaweka kidole kwenye kipanya, hajabonyeza. Ungekuwa wewe, msomaji wangu, ungefunika nini?