Vikombe Vyangu Chini ya Saruji

Vita vya sabini na tisa vilipotufikia, sisi wa Arua tulikimbilia Kongo na Sudani kwa miguu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, yeye alijua kukimbia: hakusimama mpaka Mombasa. Huko akafanya kazi ya ukuli bandarini, na vita vilipokwisha, sote tukarudi kwetu, mtaa wa Oli mjini Arua, yeye alirudi na bandari nzima mdomoni.

Hatukupumua. Ukimenya muhogo, anakueleza kwamba ngano huja melini bila magunia, ikanyonywa kwa mabomba mpaka maghalani. Ukiwasha taa, anakueleza kwamba meli za mafuta zina gati lao, mbali na mizigo mingine. Magari hutoka yakiendeshwa, makontena hubebwa na kreni. Vizito chini, vya kuvunjika juu, vyenye harufu peke yake. Kila kitu na mahali pake! Na bwana huyu alikuwa akilala chumba kimoja na mbuzi, dumu la mafuta ya taa na gunia la samaki wakavu.

Hata hivyo nilimwamini. Mume wangu alikuwa amefia uhamishoni, na nilitaka kufungua hoteli ya chai karibu na stendi ya malori ili watoto wangu wale. Wafanyabiashara wa Koboko walipokodi lori na kumtuma Mombasa akawachukulie saruji na majembe, nilimpa akiba yangu yote aniletee vikombe vya kauri.

Lori likafika. Tukashusha majembe. Tukashusha saruji, mfuko baada ya mfuko, vumbi limetujaa puani. Nikauliza vikombe vyangu viko wapi.

"Iko chini, shemeji," akasema kwa fahari. "Mimi nakataa kabisa vitu ya hawa watu ya Koboko naingia mbele yako. Wewe iko bibi ya kaka yangu. Yako naingia ya kwanza."

Sanduku lilikuwa limepondeka bapa. Nilipolitikisa lilitoa mlio wa kokoto. Nililia pale pale mbele ya matajiri wa Koboko, na sikuona haya. Mtaalamu wetu akanifariji kwamba hata bandarini vitu huvunjika.

Hoteli niliifungua kwa makopo matupu ya maziwa. Chai iliwachoma wateja midomo, nao wakanitukana kwa lugha zote za mpakani. Shemeji alipotumwa tena Mombasa, sikuwa na mwingine wa kumwagiza. Nikamwambia vikombe vyangu vipakiwe mwisho, juu ya kila kitu.

Akanitazama kana kwamba nimemtusi mama yake.

"Juu iko pahali ya mutu bure, shemeji! Watu ya Koboko itasema nini?"

"Wewe ambia wao mimi iko mutu bure," nikamjibu. "Mutu bure, lakini watoto yake nakula."