Kibao cha Mzee Assumani

Onema alikuwa akipaka rangi nyeupe vibao vilivyotundikwa mitini kando ya mto Lualaba, chini ya mji wa Kindu, ili nahodha wa stima aione njia isiyo na miamba. Kazi alifundishwa na mzee Assumani, mtu mkali asiyevumilia brashi chafu, ambaye alizama mtoni akazikwa palepale ukingoni.

Kiangazi kimoja Onema akakuta kibao kimehamishiwa mti ulio juu ya kaburi lile, rangi bado mbichi.

“Nani anachezea kazi yangu?” akafoka, akakirudisha mahali pake.

Stima iliyofuata ilikiamini kibao chake, ikapasukia mwambani; maji yalikuwa yamepungua, na njia salama sasa ilipita upande wa kaburi.

Tangu siku hiyo Onema huacha kopo la rangi na brashi kaburini. Akirudi hukuta kopo tupu, na brashi imeoshwa.