Pikipiki Iliyokohoa

Mimi ndiye niliyenywesha pikipiki mawese, na tangu siku ile nimekuwa mtu wa kukaa nyumbani, ambako vitu vya kuharibu ni vichache. Juzi, hapa Baraka, kijana alisimama mlangoni kwangu akirekebisha kabureta, na kikohozi cha pikipiki yake kikanifanya nitazame vidole vyangu.

Siku ile, nikiwa bado mtoto, mama alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu asubuhi. Baba alichutama uani, sikio karibu na injini, akizungusha kiskurubu cha kabureta kidogo kidogo, maana pikipiki yake ya kuchuuzia samaki ilipaswa kupanda mlima hadi Fizi kumleta mkunga. Ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena. Ugonjwa huo niliujua: tulipokohoa sisi batoto, bibi alitunywesha mawese. Baba alipoingia kumtazama mama, nikamimina kikombe kizima cha mafuta hayo mekundu katika tangi.

Iliondoka ikinuka kama sombe, kisamvu cha mawese, jikoni, ikafia mlimani. Mkunga alifika kesho yake kwa miguu. Mama alipona, mtoto hapana.

Mama Zaina, jirani yetu, alitazama vidole vyangu vyekundu.

“Mama yako analia tangu jana asubuhi,” akasema, “na weye ukaenda kuhurumia pikipiki.”