Isaka Alihama, Sisi Tungehamia Wapi

Mama alipofariki tulikuwa na nusu ndoo ya maji nyumbani. Watu wa huku juu wataelewa. Ilikuwa msimu wa korosho, mvua bado iko mbali, na anayeteremka bondeni alfajiri hurudi na ndoo yake jua likiwa utosini. Mama alikuwa ametoka hospitali ya Ndanda juma lililotangulia. Alitaka kufia kwake, akafia kwake. Sasa alihitaji kuoshwa.

Maji yalikuwapo. Tangi la kanisa, linalokinga mvua ya bati lote la kanisa, lilikuwa limejaa kupita nusu. Mama alibeba mchanga kichwani lilipojengwa, pamoja na wanawake wa kijiji kizima, Wakristo na Waislamu, maana bati ni la kanisa lakini kiu ni ya wote. Ila ile ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kupanda na malori yao, na mmoja wao akalikodi tangi kutoka kwa kamati ya kanisa kwa ajili ya vibarua wake. Kamati ikatia kufuli. Sisi tulinung'unika majumbani, Jumapili tukaimba.

Nilimwendea mwenyekiti wa kamati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Pole. Pole sana."

Kisha akasema mkataba ni mkataba, kamati itakaa.

"Itakaa lini?"

"Akidi ikipatikana."

Nyumbani nilimkuta jirani yetu uani, mjane wa Kiislamu aliyelima mpaka mmoja na mama miaka yote. Alikuwa na wanawake wengine, kila mmoja amekuja na kata mbili tatu za maji, kama ilivyo desturi ya msiba. Yote pamoja hayakutosha. Nilipowaambia jibu nililopewa, jirani alicheka kidogo.

"Kwetu kumnyima mtu maji yaliyozidi ni dhambi. Kwenu ni kikao?"

Iliniuma, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Mama hakujua kusoma. Mimi, wa darasa la saba, ndiye niliyemsomea Biblia jioni, na alipenda habari ya Isaka: visima vya baba yake vilifukiwa, na alipochimba vingine wachungaji wa nchi ile wakaja kudai maji ni yao. Hapo mama alikuwa akinisimamisha.

"Rudia hapo, niwachukie vizuri."

Katekista alipofika na mwenyekiti kuongoza sala, nilimwomba asome sura hiyo. Alinitazama kwa mashaka, akasoma, na alisoma vizuri. Tukasema amina wote, mwenyekiti kwa sauti kutushinda.

"Baada ya amina huwa mnafanya nini?" jirani aliuliza.

Mwenyekiti hakukasirika. Hilo ndilo linalonichosha hadi leo, upole wake. Alitueleza kwamba Isaka hakugombana na mtu. Alihama, akachimba mbele, mpaka Mungu akampa nafasi. Huo ndio mfano wa muumini, alisema, na katekista akaitikia kwa kichwa.

Ndivyo ilivyoandikwa. Nisingeweza kusema amedanganya. Lakini Isaka alihamia kwenye nchi yenye maji chini. Huku kwetu chimba mpaka uzeeke, utakuta mchanga mwekundu. Mimi si msemaji, ila hapo nilisema.

"Baba, marehemu ahamie wapi?"

Nikachukua ndoo, wanawake wakachukua zao, tukaenda kuketi chini kwenye bomba la tangi. Mlinzi wa mnunuzi akatuuliza kama tuna kibali.

"Tuna maiti," jirani alimjibu. Mlinzi akarudi kivulini.

Mwenyekiti alikuja na ufunguo jua limeshapinda. Kama aliletwa na neno la Mungu au na aibu ya maiti kukawia, sijui, wala sikumuuliza. Alisema ni kwa ajili ya msiba tu. Tulimwosha mama kwa maji mengi kuliko aliyowahi kuoga kiangazi chochote, tukamzika jioni.

Asubuhi yake tangi lilikuwa limefungwa tena. Wanaume walisema tumekwisha kupata tulichotaka, tutulie na msiba. Sisi wanawake tulirudi na ndoo zetu tukaketi. Nilikuwa sijamaliza kulia, lakini mtu anaweza kulia hata akiwa ameketi bombani.