Pedi za Pijo ya Mboje

Kwa Mboje, shemeji yake, Josia, hakuwa lolote, mropokaji asiyejua hata kubadili tairi. Josia alimletea pedi za breki za magari ya mashindano, zile zisizoshika mpaka zipate moto. Mboje akazitupa kwenye buti, akaifunga Pijo yake ya zamani pedi laini. Kisha wakatoka wote wawili kuelekea Lagangabilili kuzizoesha pedi hizo mpya ili zishike vizuri. Mboje alikuwa akikimbiza gari, anakanyaga breki taratibu, anaachia zipoe, anarudia.

"Kanyaga mpaka mwisho! Unaogopa gari?" Josia alimcheka.

Mboje akaendelea vilevile. Mara ng'ombe wakakatiza barabara. Akakanyaga, na Pijo ikasimama bila kuyumba. Josia alikuwa amejifunika uso.

"Fumbua macho, shemeji," Mboje alisema bila kumtazama. "Ng'ombe wameshapita."