Ganzi ya Modogashe

Nilikwenda Modogashe kutafuta watu wasiohisi nyayo zao. Mimi ni daktari wa mishipa ya fahamu, na niliamini kwamba wafugaji wengi wa huku wana ganzi miguuni, ila hawaji hospitali mpaka kidonda kiwe kimefika mfupani. Nilitoka Garissa na mashine ya kupimia neva, jenereta ya kuiendesha, na fomu yenye maswali arobaini. Fomu hiyo niliitunga mwenyewe na nilijivunia.

Kwa wiki nzima Modogashe haikuwa na mgonjwa. Muuguzi wa zahanati, dada mwenyeji aliyenitafsiria Kisomali, alimuuliza kila mtu kama anahisi ganzi, kuchomwachomwa au udhaifu. Kila mtu alijibu alhamdulillah. Mzee mmoja mfuga ngamia, ambaye nilimwona kwa macho yangu akitembea kwa kubamiza nyayo chini, alijibu alhamdulillah mara arobaini, akaniombea dua, akaenda zake.

Muuguzi alinishauri niachane na kiti nilichokalia nikiuliza maswali. Basi siku ya nane nikakaa mkekani na wazee, miguu nimeikunja, nikanywa chai ya maziwa ya ngamia na kusikiliza habari za mbuzi na malisho kuanzia asubuhi. Mguu wa kulia ulipoanza kufa ganzi sikuunyoosha. Kuwaelekezea wazee nyayo ni utovu wa adabu, nami nilikuwa nimekuja kwa heshima zote.

Adhana ya adhuhuri ilipolia niliinuka, nikaanguka. Nilisaidiwa kusimama, lakini unyayo wa kulia ulining'inia tu, haukukubali kuinuka. Nilingoja dakika kumi, kisha saa nzima. Nilijua kilichotokea: kuna neva inayopita kando ya goti, chini ya ngozi tu, na nilikuwa nimeibana kwa saa tano. Jambo hilo nawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka, tena kwa picha. Alasiri muuguzi alinifunga waya za mashine mguuni. Hayo ndiyo yaliyokuwa matokeo ya kwanza ya maana katika utafiti wangu.

Kesho yake nilivuka soko nikiinua goti juu kila hatua, kama mtu anayepita kwenye tope, mahali ambapo mvua ilikuwa imesahaulika. Mwanamke muuza maziwa alinisimamisha akaniambia nipake mafuta ya nundu ya ngamia. Mwingine alishauri nichomwe kwa chuma cha moto. Kila aliyenipa dawa alinieleza aliijulia wapi, na aliijulia kwenye mguu wake mwenyewe. Nilijaza fomu bila kuuliza swali.

Siku ya tatu tangu nianguke, yule mzee mfuga ngamia alirudi. Alikaa kwenye kiti changu, mimi nikiwa chini mguu nimeunyoosha.

"Bole, binti yangu," alisema kwa Kiswahili chake kisicho na "p". "Wewe ni mguu moja. Mimi ni yote mbili."

Alinieleza kwamba anayemkamua ngamia husimama kwa mguu mmoja, chombo cha maziwa kikiwa juu ya paja la mguu aliokunja. Alifanya hivyo tangu utotoni. Sasa alfajiri, kabla hakujapambazuka, huanguka na maziwa kumwagika. Nyumbani alisema ngamia wamekuwa wakorofi, na wawili walikuwa wameshauzwa kwa kosa hilo.

Nilimuuliza mbona hakuniambia mapema.

"Uliniuliza mbele ya watu," alijibu. "Na wewe ulikuwa mzima."

Tulimpima, sukari ikawa juu. Alikwenda Garissa na barua ya muuguzi, akarudi na dawa, na amri ya kukagua nyayo zake kila siku.

Mguu wangu ulipona wiki ya sita. Sikumwambia mtu. Watu walikuwa bado wanakuja, kwa hiyo niliendelea kuchechemea siku nne zaidi, nikijiambia ni kwa ajili ya sayansi. Siku ya nne muuguzi aliniinamia sikioni. "Abaayo," alisema, akiniita dada kwa Kisomali, "leo umebadilisha mguu."

Niliona haya, nikatembea sawasawa. Katika ripoti niliandika kwamba taarifa zilikusanywa kwa mazungumzo ya ana kwa ana.

Ganzi ya mzee haikuondoka, lakini hajapata kidonda. Muuguzi ananiambia siku hizi hungoja kupambazuke ndipo akamue, macho yamshikilie pale ambapo miguu haihisi. Wale ngamia wawili alijaribu kuwarudisha. Aliyewanunua alikataa, akisema hajawahi kuona ngamia wapole kiasi kile.